Bashi Mbele ya Barza

Turubai jipya lina harufu yake, na mimi siivumilii harufu hiyo. Juzi nilikuwa sokoni hapa Lubumbashi nikitafuta la kufunikia makala, makaa yangu ya kupikia, maana mvua zimekaribia. Muuzaji, kijana mpole, alilikunjua mbele yangu, la rangi ya chungwa, na machozi yakanitoka kabla sijauliza bei. Akashtuka. "Pole, mama," akasema, "kilio iko wapi?" Nikamwambia hakuna kilio, ni vumbi tu limeniingia machoni, nikaondoka bila kununua. Makala yatanyeshewa, basi.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Kolwezi mtanielewa upesi. Waliokulia kwingine wanivumilie kidogo, nitaeleza.

Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi zamani, kabla baba yangu hajazaliwa, zote za sura moja, hata mtu mwenye usingizi angeweza kuingia kwa jirani akaanza kuvua viatu. Leo mtaa huo haupo. Nyumba zilivunjwa, watu wakatawanywa, na mahali pale pamezungushiwa ukuta mrefu ambao sijawahi kuona upande wake wa ndani. Kwa hiyo msiniulize barabara gani wala namba gani. Nitawaambia kuhusu barza tu.

Kwingine wanasema baraza. Kwetu ni barza: kipande cha saruji mbele ya mlango, ngazi mbili, kijiukuta kinachofika magotini, na paa lililotoka nje kidogo kuzuia mvua. Kitanda kisingetosha pale, lakini maisha yetu yote yalitosha. Mama alichambulia sombe, majani ya mihogo, pale, baba alinyolea ndevu pale kila Jumapili kabla ya misa akiwa ametundika kioo kwenye msumari, na mimi nilifanyia kazi za shule pale huku nikisukwa nywele. Mpita njia hakupita bila kusalimu. Aliyepita kimya alikuwa mgonjwa au amekasirika, na kabla jua halijahama sababu ilikwishajulikana. Umbea ulikuwepo, sikatai, tena wa kushiba. Lakini siku mama alipobanwa na uchungu wa mdogo wangu, hakuita mtu. Jirani wa ng'ambo, Tata Kazadi, yaani Baba Kazadi, alimwona amesimama mara mbili na kushika ukuta, akakimbia kutafuta gari. Mama alikuwa bado anajiuliza kama ni tumbo la maharage.

Nyumba iliyofuata yetu ilikuwa ya Mama Feza. Wazazi wake walitoka Maniema, na marehemu mume wake alikuwa na lori lililokwenda mpaka Dilolo kubeba samaki na mihogo. Watoto wake wakubwa walikuwa barabarani na malori yao siku zote, yeye akabaki na tasbihi yake, ungo wake na barza yake. Kati ya barza yake na yetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Alikuwa mzee kuliko bibi yangu, na alinitania kwa kuniita mke mwenzake. "Mukazi mwenzangu," angeniambia, "bwana yetu alikufa bila kukuona, ungeona bile angeniacha mi!" Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilimwamini. Nilimwonea hata huruma kidogo.

Sasa, turubai. Kwetu tuliliita bashi, na mbele ya nyumba bashi lilikuwa na kazi moja: kilio. Mtu akifa, wanaume walifunga bashi kutoka kwenye paa la barza mpaka kwenye miti iliyosimikwa nje, ili waombolezaji wapate kivuli. Ukiona bashi ulivua kofia. Wanawake walileta kuni, unga wa bukari, ugali wetu, na masufuria, wanaume walileta viti, kila kiti kimeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi chini ya makalio ili kisipotee. Kisha watu walikaa. Walikaa siku tatu, nne, wengine bila kusema neno. Ila palikuwa na desturi moja: hakuna aliyekwenda mpaka neno litoke kwa wenye msiba. Bashi peke yake halikutosha. Mtu wa nyumba ile alipaswa kuvuka na kumwambia jirani wa kwanza, na jirani wa kwanza ndiye aliyepiga ukelele.

Asubuhi moja ya kiangazi niliamka nikakuta bashi kwetu. Halikuwa limesogezwa mbele kama la kivuli. Lilikuwa limeshuka moja kwa moja kutoka paani mpaka sakafuni, barza yote imefungwa, nje haionekani. Harufu ile mpya ilikuwa imejaa mpaka jikoni. Mama alikuwa anachochea moto, macho mekundu. Baba hakuonekana, lakini kutoka chumba cha nyuma nikasikia mapigo, chuma juu ya kitu kigumu, polepole, kama yale niliyoyasikia kila siku nikipita kwa fundi wa majeneza karibu na soko.

"Mama, kuko nini?"

"Enda ku masomo. Na batu bakikuuliza, useme hauyue kitu."

Nilikuwa nimewaona watu wazima wakificha vifo. Mjomba wangu alipofariki tuliambiwa amesafiri, na mimi nikamngojea na zawadi. Kwa hiyo nikahesabu. Mama yupo. Mdogo wangu yupo, analia njaa. Baba yupo, anapiga misumari. Aliyebaki alikuwa Nkambo, mama yake baba, aliyekaa mbali, Manono. Nikaelewa yote: Nkambo amekufa, baba anamtengenezea jeneza ili lipelekwe kwa lori, na mimi nimekatazwa kulia.

Siku mbili nilinyamaza. Si kazi ndogo kwa mtoto, na mimi nilikuwa na mdomo, mama hakuacha kunikumbusha. Mtaa wote ulikuwa unatuangalia. Nilipopita, maongezi yalishuka sauti. Watu walikuwa wamekwishatoa viti nje, wanangoja neno, na neno haliji. Nilimhurumia Nkambo. Niliona aibu kwamba amekufa na hakuna hata mmoja aliyekuja kumkalia.

Siku ya tatu Mama Feza aliniita nikielekea shuleni.

"Mukazi mwenzangu, kuya hapa. Ile bashi ya kwenu ni ya nini?"

Nikajikaza. Nikashindwa. "Nkambo alikufa," nikasema. "Papa eko nafanya sanduku."

"Inna lillahi," akasema, akashika kichwa changu kwa mikono miwili. "Na muliikala na ile peke yenu siku zote izi? Enda ku masomo, mutoto wangu. Sasa ni kazi yetu."

Nilipofika kona nikasikia ukelele wake. Nilijisikia mwepesi kama niliyetua ndoo ya maji.

Niliporudi saa sita mchana mtaa ulikuwa umejaa. Viti vilikuwa vinakuja vichwani mwa watu kutoka pande zote. Kuni zimekwisha kuteremshwa, sufuria kubwa ya parokia imeletwa, wanawake wamefunga vitenge viunoni na wanalia kilio cha kweli, maana kila mmoja ana wake wa kumlilia. Mama alikuwa amesimama mbele ya bashi, mkono mdomoni. Mapigo ya ndani yalinyamaza. Kisha bashi likafunuliwa pembeni na baba akatoka.

Alikuwa mwekundu kwa udongo kutoka nywele hadi vidole vya miguu. Tochi ilikuwa imefungwa kwenye paji la uso wake, bado inawaka. Mkononi alishika patasi.

Vilio vikakatika kimoja kimoja. Mama Feza akasogea mbele.

"Pole, Tata Ilunga. Tulikuya kwikala na ninyi. Ile sanduku inaisha?"

"Sanduku gani, mama?"

"Ya mama yenu."

Baba akatutazama wote kama mtu aliyeamshwa. "Mama yangu? Mama yangu alinipigia telefone jana. Anataka nimutumie kitenge."

Mtu mmoja alicheka, wa pili akadakia, na ingewezekana kabisa siku ile iishe kwa kicheko na mimi kuchapwa. Lakini Tata Kazadi alikuwa amekwishapanda barza na kiti chake kichwani, akitafuta pa kukiweka, na mlango ulikuwa wazi. Aliona sebule yetu. Udongo ulikuwa umerundikwa mpaka usawa wa dirisha, na pembeni magunia yamepangwa. Alitua kiti. Akainama, akaokota jiwe jeusi, akalipima kwa kiganja, akalitemea mate na kulisugua kwa dole gumba.

"Ni ya hapa?" akauliza.

Baba aliizima tochi yake. "Ya hapa," akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Niliona macho ya watu yakishuka, kila mmoja akitazama ardhi chini ya miguu yake mwenyewe, kisha akitazama upande wa nyumba yake. Viti vikaanza kuondoka. Mama Feza peke yake ndiye aliyebaki kuokota kuni.

Baba hakunichapa, na nilitamani anichape. Aliniketisha akanieleza kwamba kazi yake kwenye karakana imesimama, kwamba tunakula mara moja kwa siku kama ninavyojua, na kwamba chini ya chumba alipozaliwa yeye kuna jiwe lenye kobalti, ambalo dunia nzima inalitaka. Alisema nyumba moja ikichimba kimya haimdhuru mtu. Mtaa mzima ukichimba, hajui. Alilisema hilo bila kunitazama, lakini nilijua ni mimi niliyeuita mtaa mzima uje kuona. Jambo hilo nimelibeba mpaka leo. Watu wananiambia wangejua tu, kwa njia nyingine, mwezi uliofuata. Labda. Lakini walijua kwa njia yangu.

Kabla ya mvua za kwanza kila barza ya mtaa wetu ilikuwa imefungwa bashi. Ya chungwa, ya buluu, ya mistari. Ukitembea kutoka kona hadi kona ulikuwa kama unapita katikati ya msiba wa watu wengi, ila hakuna aliyelia na hakuna aliyekaa nje. Salamu zilikufa. Ukipita karibu, nyuma ya bashi mapigo yalisimama na mtu akakohoa, mpaka hatua zako ziende mbali. Tulijifunza kuongea kwa sauti ya chini hata tukiitana kula. Tata Kazadi, yule aliyemkimbilia mama gari, alinikuta nimesimama mbele ya nyumba yake nikifunga kamba ya kiatu na akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia kiatu. Hakucheka.

Barza moja tu ilibaki wazi, ya Mama Feza. Walikuja watu kumshawishi, wakaja hata watoto wake kutoka barabarani, wakamwambia amekalia utajiri. Nilikuwepo siku moja. "Mi naikala hapa toka bwana alinileta," alijibu. "Nikifunga bashi, nani atanisalimia?" Mtoto wake mkubwa akamjibu kwamba hata sasa hakuna anayemsalimia. Mama Feza akanionyesha mimi kwa kidevu. "Na uyu?"

Kisha nyumba ya mwisho mtaani iliporomoka sakafu mchana mmoja. Watu walikuwa wameketi nyuma wanakula, kwa hiyo walipona, lakini kitanda na kabati vilizama. Na kwenye nguzo ya barza ya Mama Feza ukatokea ufa. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama uzi. Juma lililofuata nilitia ncha ya kalamu ndani yake.

Jioni hiyo, tukiwa tunakula bukari na samaki mmoja kwa watu wanne, baba alimwambia mama kwa ile sauti ya chini: "Jiwe inageuka. Inaenda ku upande ya Mama Feza."

Mama alishusha tonge. "Na nyumba yake?"

"Ile nyumba ya zamani iko nguvu. Itasimama."

"Ya kule mwisho haikukuwa ya zamani?"

Baba akanawa mikono. Sikulala vizuri. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, na nataka mlijue hilo. Alikuwa mtu aliyechoka kutuona tukigawana samaki. Lakini kichwani nilimwona Mama Feza akizama na ungo wake, na nilijua ni nani aliyefungua njia ile kwa mdomo wake.

Asubuhi nikamngoja baba kwenye shimo kabla hajashuka. "Papa," nikasema, "kuanzia leo nikitoka ku masomo nitakuwa naikala ku barza ya Mama Feza. Mpaka giza."

"Kufanya nini?"

"Kwikala tu. Ni juu uyue mi niko pale."

Alinielewa. Uso wake ulibadilika, akanikataza kwa ukali ambao sikuwa nimeuona. Niliogopa sana. Mchana nikaenda.

Nilikwenda kila siku. Nilijifanya nimekuja kumsaidia kuchagua maharage, na Mama Feza alijifanya anahitaji msaada, ingawa maharage yake hayakuwahi kuwa safi namna ile. Nilikaa katikati ya sakafu, mbali na ukuta, nikijitahidi kuwa mzito. Mama alikuja mara mbili kunichukua kwa nguvu. Mara ya tatu alifika, akatuangalia, akarudi nyumbani.

Siku ya tano, au ya sita, niliyasikia. Kwanza yalifika kwenye nyayo, halafu kwenye mifupa ya makalio, ndipo masikioni. Chuma juu ya jiwe, taratibu, chini yetu kabisa. Maharage yalikuwa yanacheza kwenye ungo. Shimo la baba halikuwa refu. Jiwe lilikuwa karibu na juu, na hiyo ndiyo iliyolifanya liwe hatari. Nilimtazama Mama Feza. Alikuwa anahesabu tasbihi, macho ameyafumba. Nikadhani masikio yake ya kizee hayajapata kitu.

Nikachukua mchi uliokuwa umeegemea ukutani, nikaupiga kwenye saruji kwa nguvu zangu zote. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu mikono ikafa ganzi na mchi ukaanguka.

Mapigo ya chini yakanyamaza.

Mama Feza alifumbua macho. Akanitazama mimi, akautazama ufa wa nguzo, kisha akaweka tasbihi mapajani, akainama polepole mpaka uso wake ukawa karibu na sakafu. Akasema, kwa sauti ileile aliyompa mgeni yeyote:

"Karibu, Tata Ilunga. Mulango iko huku mbele."

Tulingoja. Mama Feza akanishika goti. Muda ulipita mrefu, nikaanza kuwaza mambo mabaya, kwamba baba amekasirika, kwamba udongo umemfunika. Ndipo bashi letu likatikisika, na baba akatoka nje mchana kweupe, na tochi yake na udongo wake, kila mwenye tundu kwenye bashi lake akamwona. Akapita ile nafasi ya mtu mmoja kwa ubavu. Akasimama chini ya ngazi, hakuthubutu kupanda.

"Mama," akasema, "nilikuwa chini yenu."

"Nayua. Toka juzi miguu yangu iko nasikia."

"Na hamukusema kitu."

"Ningesema ku nani? Ku bashi?" Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomvunja baba. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mdogo wangu kabla ya kulia. "Pandeni, mwikale," Mama Feza akamwambia. "Muko nasimama kama mugeni."

Alipanda. Hakukubali kiti kwa sababu ya uchafu wake, akakaa kwenye sakafu kando yangu, juu ya mahali alipokuwa chini yake dakika chache kabla. Aliuweka mkono mmoja juu ya saruji, amekunjua vidole, akauacha pale muda mrefu. Baadaye alitumia siku tisa kurudisha udongo ndani ya ule upande, ndoo kwa ndoo, na mama hakulinyamazia jambo hilo miaka mingi, maana siku hizo zote ni yeye aliyetafuta cha kupika. Lakini siku ile hatukuzungumza habari za udongo. Mama Feza alimpa maji. Alikunywa yote, akaomba mengine.

Kutoka nyuma ya bashi letu tukamsikia mama akiuliza, kwa ile sauti ya chini ambayo mtaa mzima ulikuwa umejifunza: "Beko wapi? Papa? Mutoto?"

Baba akainua kichwa, akajibu kwa nguvu mpaka nyumba za ng'ambo zikasikia:

"Tuko huku! Ku barza ya Mama Feza!"